Njia Isiyokwenda Popote

Nje kidogo ya mji wa Korogwe, ukishapita nyumba za mwisho na kabla hujafika kwenye mkonge, kulikuwa na kilima kidogo chenye msitu wa serikali. Kilizungukwa na njia moja. Ilianzia kwenye nguzo ya saruji, ikazunguka kilima chote kwa mwendo wa saa moja hivi, kisha ikarudi kwenye nguzo ile ile. Haikupanda sana wala haikushuka sana. Wazungu wa mashamba ya mkonge ndio walioichimbisha kabla ya Uhuru, wapate mahali pa kutembeza mbwa wao jioni. Wakasimamisha nguzo kumi na mbili, kila moja na namba yake, ili mtu ajue amefika wapi. Baada ya Uhuru wakaondoka na mbwa wao, njia ikabaki. Sisi tuliitumia vipande vipande: kipande cha kuni, kipande cha kwenda kisimani. Sikumjua mtu hata mmoja aliyeizunguka yote. Kama shida yako ni kufika nguzo ya kwanza, na tayari umesimama hapo, unakwenda kutafuta nini tena?

Wa kwanza niliyemjua kuizunguka alikuwa baba yangu, na hakuizunguka kwa kupenda.

Baba alikuwa mkulima wa Misima, huko Handeni. Alipata kiharusi katika miaka ile ambayo watu walikuwa wakihamia vijiji vya ujamaa, na ndugu wakamleta hospitali Korogwe, kwa kuwa mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapo na mume wangu alifanya kazi reli. Uso ulimrudia, maneno yakamrudia, mkono ukamrudia. Mguu wa kushoto tu ndio uliogoma. Alipotoka wodini akaja kukaa kwangu, na daktari akatuita.

"Mzee, mguu huu haujafa," daktari akasema. "Umelala. Usipotembezwa kila siku utalala moja kwa moja. Unakijua kilima kile cha msitu? Anza kidogo kidogo. Siku utakayokizunguka chote bila fimbo na bila kukaa chini, nitakuruhusu urudi kwako. Na ukiwa unatembea usizungumze, pumzi yako ni ndogo. Itunze."

Baba akafikiri kidogo. "Sasa daktari, huko ninakokwenda nitamkuta nani?"

"Humkuti mtu, mzee. Unazunguka tu, unarudi."

Tulipofika nje baba alisimama, akaniegemea begani. "Mwanangu," akasema, "yule ni daktari kweli?"

Nilicheka, lakini sikuwa na raha, maana nilijua kilichokuwa kikimuuma. Misima walikuwa wanapimiwa viwanja vya kijiji kipya, na mtu alipewa kiwanja akiwa amesimama mwenyewe mbele ya waliokuwa wakipima. Asiyekuwepo angepata kilichosalia, kule chini kwenye korongo ambako maji hupita ndani ya nyumba. Upimaji ungeisha kabla ya masika. Tena kulikuwa na jambo la pili, na kwake lilikuwa zito kuliko la kwanza: alikuwa analala nyumbani kwa mkwewe. Kwetu baba mkwe na mkwe hukaa kwa kuheshimiana na kwa mbali. Baba hakula meza moja na mume wangu hata siku moja. Akimsikia anarudi kazini, alijikokota kwenda chumbani na kufunga mlango, na mume wangu naye alikohoa toka barabarani ili kumpa nafasi. Nyumba yenyewe vyumba viwili. Nilikuwa naishi na wanaume wawili wanaokimbiana, mmoja wao hana mguu wa kukimbilia.

Kwa hiyo kilima kile ndicho kilichokuwa mlango wa kurudi Misima, na baba hakutaka kuufungua.

Ilikuwa likizo, nikaamua kumtembeza mwenyewe. Siku ya kwanza nilijaribu ujanja. Nilifunga chumvi kwenye karatasi, nikamwambia, "Baba, twende tuipeleke nguzo ya tano."

"Nani anakaa nguzo ya tano?"

"Hakuna mtu."

"Basi chumvi ni ya nani?"

Mimi sina subira, sikuwahi kuwa nayo. Nilimwambia kama hataki kutembea aseme, nimtandikie mkeka wa kudumu nyuma ya mlango wa mkwewe. Nilijuta hapo hapo. Baba aliinuka, akavaa kofia yake, akatoka mbele yangu, na siku hiyo tukafika nguzo ya pili.

Namba za kwenye nguzo hazikumsaidia kitu, kwa sababu hakujua kusoma. Alitafuta njia yake. Pale alipofika mwisho aliokota kijiwe, akakiweka juu ya nguzo. Kesho yake alikwenda mpaka kwenye kijiwe chake, akakipita, akaweka kingine kwenye nguzo ya mbele. Kila kijiwe kilichozidi alikitazama kama mtu anayetazama mche ulioota. Mwendo wake nikaujua kwa kuusikia tu kutoka nyuma: hatua mbili nzuri, ya tatu anauvuta mguu wa kushoto, sss, kwenye mchanga. Akifika kwenye nguzo aliishika kwa mkono mmoja, akafuta uso kwa ncha ya shuka, kulia kwanza kisha kushoto, akaweka kijiwe, akaondoka. Na alinyamaza kimya, kama alivyoambiwa. Tukikutana na mtu anayemwamkia, aliinua mkono wa kulia juu, basi. Mimi ndiye niliyebaki nyuma kuitikia salamu za pande zote mbili, maana kwetu mtu kutokujibu shikamoo si jambo dogo.

Tulikuwa tunatoka mapema sana, mara tu baada ya sala ya alfajiri, umande ukiwa bado majanini. Hilo alilitaka yeye. Siku hizo mgambo walikuwa wakikamata wazururaji mjini, na baba aliona haya. "Wakiniuliza ninakwenda wapi, niseme ninakwenda nilikotoka?" alisema.

Likizo ikaisha nikarudi darasani, naye akawa anakwenda peke yake. Kufikia hapo alikuwa anafika nguzo ya saba, upande wa pili wa kilima, kisha anarudi. Upande huo kulikuwa na kijiji kipya cha ujamaa, nyumba za nyasi zilizopangwa mistari, na shamba la pamoja la mahindi lililofika mpaka kwenye njia yenyewe. Watu wake walikuwa wametolewa huku na kule, Wazigua, Wasambaa, na wengine waliobaki baada ya kazi za mkonge. Mimi sikuwajua.

Wiki ya pili ya muhula, nilirudi nyumbani mchana nikakuta asali kwenye kibuyu kidogo, imewekwa mezani.

"Baba, asali hii imetoka wapi?"

"Nimeikuta juu ya nguzo ya saba."

"Ya nani?"

"Sijui. Ilikuwa pembeni ya kijiwe changu. Kuna mwanamke alikuwa akipalilia, akaninyooshea kidole niichukue."

Baada ya siku tatu, mayai. Kisha kuku mweupe, kafungwa miguu, kaachwa juu ya majani chini ya nguzo. Nikaanza kumtazama baba kwa jicho jingine. Mama alikuwa amefariki miaka mingi nyuma, na baba, kiharusi na yote, bado alikuwa mwanamume wa kutazamwa. Nikajiambia, haya, nguzo ya saba kuna mjane, na mimi huku nahangaika na chumvi! Nilitaka kumjua mwanamke huyo mpaka nikashindwa kusahihisha madaftari. Alikuwa wa umri gani? Anapika vizuri? Na kama baba angemwoa, angetaka tena kurudi Misima?

Jumamosi nikamfuata. Nilimwacha atangulie mbali, nikaenda nikijibanza kwenye miti kama mwizi, mwalimu mzima na kanga yangu. Alipotokea upande wa kijiji, niliona jambo ambalo sikulitegemea. Wanawake waliokuwa shambani walisimamisha majembe. Mama mmoja aliwafunika watoto wake wawili midomo kwa viganja. Mzee aliyekuwa akitengeneza ua alivua kofia. Hakuna aliyemwamkia. Baba akapita katikati ya ukimya ule akivuta mguu wake, akashika nguzo, akafuta uso kulia na kushoto, akaweka kijiwe. Akainua mkono. Wote wakainamisha vichwa.

Nikangoja apotee kwenye kona, nikamwendea yule mama mwenye watoto. Alikuwa mtu mzima kidogo kunishinda, Msambaa wa Kwashemshi kwa lafudhi yake.

"Shikamoo, mama. Yule mzee ni nani?"

"Marahaba. Hujui?" Akashusha sauti. "Yule anatuzindikia."

Kuzindika nilikujua, nani asiyekujua? Mganga hukizunguka kijiji au shamba alfajiri, umande haujakauka, mikono mitupu, haongei na mtu njiani, akiweka dawa zake mahali na mahali, ili mnyama au mtu mbaya asivuke. Yule mama akanieleza jinsi nguruwe pori walivyokuwa wakishuka kutoka msituni na kulaza mahindi, karibu kijiji kivunjike, watu wakisema bora warudi walikotoka. Kisha mzee akatokea. Hana jembe, hana mzigo, hana fimbo. Anaamkiwa, hajibu. Kila nguzo ana kijiwe chake. "Tangu aanze," akasema, "nguruwe hawajavuka njia. Hatujui nani kamtuma. Hatujathubutu kumuuliza, asije akavunja mwiko wake kwa ajili yetu."

Nilitamani kucheka, nikashindwa kwa namna alivyokuwa akinitazama. Sikumwambia kuwa ni baba yangu. Nilirudi mbio kwa kukata msituni, nikichomwachomwa mapaja na michongoma, nikamsubiri mlangoni.

Nilipomweleza, nilidhani tutacheka wote wawili. Baba alikaa chini kwenye kizingiti. "Mimi?" akasema. "Mimi ninayeswali sala tano, wananiita mganga? Na nimekula mayai yao?"

Akaacha kutembea.

Nilisema naye kwa upole, kisha kwa ukali, kisha kwa kulia. Nilimkumbusha masika. Nilimkumbusha korongo la Misima. Alibaki chumbani siku nne, na siku ya nne nilipomshika mguu niliona jinsi ulivyoanza kuwa mzito tena, umelala kama alivyosema daktari. Niliogopa sana. Usiku sikulala, na asubuhi nikamwambia kitu kimoja tu: "Baba, kama unaogopa uongo, si uende ukawaambie ukweli?"

Jioni hiyo hiyo, nilipotoka darasani, tukaenda. Mwenyekiti wa kijiji aliwaita watu mbele ya ghala. Baba alisimama, mkono mmoja ukiwa begani kwangu, akarudisha kuku yule mweupe na kibuyu, akaomba radhi kwa mayai ambayo hayakurudishika. Akaeleza yote: kiharusi, daktari, pumzi, vijiwe. Akasema hajui dawa hata ya mafua. Alizungumza vizuri, na kwa mara ya kwanza niliona jinsi alivyokuwa akizungumza kwenye mabaraza ya Misima nilipokuwa mdogo.

Watu walisikiliza mpaka mwisho. Mwenyekiti akakohoa. "Tumekusikia, mzee," akasema. "Ni dawa ya daktari. Basi sisi tunakuomba kitu kimoja: dawa ya daktari usiiache." Na yule mama wa Kwashemshi akasema kutoka nyuma, kwa heshima kabisa, "Hata huko tulikotoka, waliokuwa wakitusaidia walikuwa wakisema hivyo hivyo, kwamba hawajui kitu."

Kisha akaongeza kwamba ndani ya siku zile nne nguruwe walikuwa wameingia mara mbili.

Tukarudi nyumbani mimi na baba. Nilimwuliza anafikiri nini. "Nimewaambia ukweli, wameuweka pembeni," alisema. "Sasa dhambi si yangu tena." Halafu: "Lakini mara mbili ndani ya siku nne, mwanangu. Wanaweza kumaliza shamba lote."

Kesho yake alitoka kabla sijaamka. Na tangu siku hiyo sikuwa na kazi ya kumsukuma. Alikwenda mvua ikinyesha, alikwenda akiwa na kikohozi, alikwenda Ijumaa na Jumapili. Akichelewa alihangaika kama mtu anayesubiriwa. Kwa nini nguruwe waliacha kushuka, mpaka leo sijui. Labda harufu ya mtu kila asubuhi njiani iliwatosha. Labda walikwishahamia mtoni. Nilimwuliza bwana mmoja wa misitu, akaniambia nguruwe hana ratiba. Ninachojua ni kwamba baba, ambaye hakutaka kwenda nguzo ya pili bila shughuli, alikuwa sasa na watu wa kuwazungukia.

Alianza kuvuka nguzo ya saba, akafika ya nane, ya tisa, ya kumi. Siku aliyotokea nyuma yangu nikimngoja nguzo ya kwanza, nyumba yetu ikiwa jirani, kutoka upande ambao sikuwa nikiutazama, na kijiwe cha kumi na mbili mkononi, nilipiga kelele hadi mume wangu akatoka ndani na kanzu imegeuzwa, wakakutana uso kwa uso. Wakaamkiana kwa mara ya kwanza ndani ya miezi mitatu. Kisha kila mmoja akageukia upande wake.

Daktari alimruhusu. Asubuhi ya safari, baba alikizunguka kilima mara ya mwisho, ndipo akapanda basi la Handeni. Alifika Misima wanaopima bado wapo, akasimama mbele yao kwa miguu yake miwili. Alipata kiwanja cha tatu kutoka barabarani, mahali pa juu, pakavu. Aliishi hapo masika tatu. Mguu wa kushoto aliendelea kuuvuta, haukupona kabisa. Alifariki nyumbani kwake baada ya sala ya alasiri, kwenye mkeka wake, na nilipofika nilikuta wameshamwosha.

Niliporudi Korogwe baada ya msiba, sikuweza kukaa ndani. Nilikuwa na hasira na kila kitu, na mume wangu, na sufuria. Alfajiri moja nikatoka, nikaenda mpaka nguzo ya kwanza. Sikuwa nimekwenda kutafuta kuni wala maji. Ilikuwa mara yangu ya kwanza katika maisha kutembea hivi hivi, na nilielewa ule wasiwasi wa baba: mikono sikujua niiweke wapi.

Juu ya nguzo ya kwanza kulikuwa na kijiwe. Nikadhani ni cha baba, kilichosahauliwa na upepo. Nikakigusa, kilikuwa na udongo mbichi kwa chini.

Nguzo ya pili, kijiwe. Ya tatu, kijiwe. Baada ya nguzo ya nne nikasikia mbele yangu sauti niliyoijua: hatua mbili, kisha sss, kwenye mchanga. Nilisimama. Kisha nikaenda mbio mpaka kwenye kona, nikamwona mtu.

Alikuwa yule mama wa Kwashemshi. Alikuwa mzima wa miguu yote miwili, nilimjua. Alikuwa akitembea mikono mitupu, hatua mbili, ya tatu anauvuta mguu wa kushoto. Kwenye nguzo ya tano aliishika kwa mkono mmoja, akafuta uso kwa ncha ya kanga, kulia kwanza, kisha kushoto. Akaweka kijiwe.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Hakujibu. Aliinua mkono wa kulia juu, akaendelea. Nikamfuata nyuma yake bila kusema neno, nguzo kwa nguzo, nikisikiliza mwendo wa baba, mpaka tukafika ya kumi na mbili.

Hapo akageuka. "Marahaba, mwalimu. Unisamehe, nilikuwa kwenye zamu. Tunapokezana tangu mzee alipoondoka, kila nyumba na siku yake. Mwanzoni wengine walizembea, walitembea tu kama wanakwenda sokoni. Nguruwe wakaingia." Akanitazama. "Mzee hajambo?"

Mimi ninayejulikana shule nzima kwa kusahihisha watu, nilikuwa na mengi ya kumweleza juu ya kiharusi, na mshipa, na mguu uliolala. Nikamwambia tu kwamba tumemzika wiki iliyopita.

Alinishika mkono. "Pole, mwanangu," akasema, ingawa hakunipita sana kwa umri. Kisha akainama, akaokota kijiwe, akakifuta kwa kanga, akanipa. "Kesho ilikuwa zamu ya nyumba ya mwenyekiti. Nitawaambia wakuachie wewe. Ila mwalimu, ule mguu wa kushoto uuvute vizuri. Watu wa nyumba ya mwenyekiti huwa wanauvuta wa kulia."

Kesho yake nilitoka kabla ya umande kukauka. Nilianza nikiona aibu, nikitazama nyuma kama kuna mwanafunzi. Hatua mbili, ya tatu nikavuta. Hatua mbili, ya tatu nikavuta. Nilipofika nguzo ya saba nilikuwa nalia waziwazi. Nikaishika, nikafuta uso kulia na kushoto, nikaweka kijiwe. Mwanamume mmoja aliyekuwa akipalilia kando ya njia alisimamisha jembe, akavua kofia.

Nikainua mkono wa kulia, nikaendelea na njia.